Tutembelee Kiwanja cha Ndege cha Bukoba

Juma hili twende Bukoba, wala tusiende kwa meli wala kwa basi. Twende kwa ndege, tukapaone mahali inapotua. Pengine wewe hujapanda ndege hata siku moja, na pengine husemi kwamba utapanda. Si neno. Mtoto wako aliyeko Dar es Salaam huenda akaipanda akija likizo, au mwili wa ndugu yako huenda ukaletwa nayo ili azikwe kwenye kibanja chake, na siku hiyo utataka kujua mahali hapo pakoje.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba kwa barabara ni kilometa 1,400 hivi. Kwa ndege ni saa mbili au tatu tu, na nyingi hupitia Mwanza. Basi ukikaa dirishani, ukishaipita Mwanza huoni nchi tena. Unaona maji tu, maji yasiyo na mwisho, maana Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,000 na zaidi. Baadaye utaona kisiwa kidogo chenye majabali. Hicho ni Musira, nao watu wa Bukoba hukiangalia kila asubuhi kama wewe unavyouangalia mti wa uani kwako. Nyuma yake ni mji, na nyuma ya mji ni vilima vimesimama kama ukuta. Ndege inashuka, inashuka, nawe bado unaona maji chini yako. Mgeni hushika kiti kwa mikono miwili. Kisha ghafula maji yanakwisha, magurudumu yanagusa lami, na umefika.

Kiwanja kiko hapo hapo ufukweni. Mwisho mmoja wa barabara ya ndege unaelekea ziwani. Mwisho wa pili unaelekea nchi kavu na vilima. Pembeni wanakaa wavuvi wa Nyamukazi, na mwenye miguu mizuri aweza kutoka kiwanjani akafika sokoni bila kutafuta gari. Viwanja vichache sana vimekaa karibu na watu namna hii. Wako wanaokisifu kwa sababu hiyo, na wako wanaokiogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nikueleze kidogo mambo ya zamani. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1890, Emin Pasha alipokuja hapa kwa niaba ya Wadachi akajenga boma. Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, Mapadre Weupe walianza misioni ya Kashozi, na habari za imani katika nchi ile nadhani wazijua. Katika vita ya kwanza, mwezi wa Juni 1915, Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu kwa meli wakaupiga mji wa Bukoba. Walikuja hasa kwa ajili ya mlingoti mmoja. Wadachi walikuwa wamesimamisha hapo mtambo wa simu ya upepo, nao Waingereza hawakutaka habari zao zipite. Waliuvunja wakarudi walikotoka. Hivyo Bukoba ilikwisha kujua faida na hatari ya mambo yapitayo angani kabla watu wake wengi hawajaona ndege.

Ndege za kwanza za abiria kufika katika ziwa letu hazikuhitaji kiwanja. Zilikuwa na tumbo kama mashua, zikitua juu ya maji na kuondoka juu ya maji. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianza safari ya kila juma kutoka London mpaka Mwanza. Abiria alisafiri kama siku kumi, akibadili vyombo njiani, na kutoka Khartoum akaja na ndege hizo za majini kwa kufuata Nile mpaka Kisumu, halafu Mwanza. Fikiri, msomaji: wakati huo ziwa lenyewe ndilo lililokuwa kiwanja, na mashua ndizo zilizompeleka abiria pwani. Ndege za magurudumu zilipopata nguvu zaidi, zile za majini ziliachwa, na kila mji ukatafuta ardhi tambarare. Mwaka 1946 lilianzishwa shirika la ndege la Afrika ya Mashariki, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja pamoja. Lilifanya kazi mpaka mwaka 1977 lilipovunjika, na Tanzania ikaanzisha lake.

Bukoba, ardhi tambarare si nyingi. Ukiacha ukanda mwembamba wa ufukweni, nchi yote inapanda. Ndiyo sababu kiwanja kikawekwa pale kilipo, kati ya maji na vilima, nacho kikabaki kifupi. Mwaka 1978, mwezi wa Oktoba, kabla majeshi ya Idi Amin hayajauvuka mpaka kwa wingi, ndege zake za vita zilikuja zikaangusha mabomu Bukoba. Uharibifu haukuwa mkubwa, lakini vioo vilivunjika na watu wakatawanyika vijijini na mizigo kichwani. Wazee waliokuwa wadogo siku hizo, wakisikia mlio wa ndege yenye kasi, bado huinua macho kabla ya kuendelea na mazungumzo.

Kwa miaka mingi barabara ya kiwanja ilikuwa ya changarawe. Mvua ikinyesha sana, ndege ilisita. Tena mvua ya Bukoba si ya mchezo: kwa mwaka hunyesha karibu milimita 2,000. Katika miaka ya 2010 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilivitengeneza viwanja vya Bukoba, Kigoma na Tabora. Bukoba ikapata lami, ikapata na jengo jipya la abiria. Rais John Magufuli alikifungua rasmi mwezi wa Novemba 2017.

Ukifika leo, usitegemee maajabu ya Dar es Salaam. Jengo ni dogo na safi. Mizigo inapimwa, inapitishwa kwenye mashine inayoona vilivyomo ndani, nawe unapita mlango wa ukaguzi. Kisha unakaa pamoja na wengine kungoja. Hapo utamwona mwalimu, mfanyabiashara wa kahawa, mama mwenye mtoto mgongoni, sista anayekwenda kwenye mkutano, na bwana mmoja aliyefunga senene wa kukaanga katika mifuko mitatu, maana ndugu zake wa mjini hawatamsamehe akifika mikono mitupu. Ikiitwa ndege, mnatoka kwa miguu mpaka ilipo. Hakuna ngazi za umeme wala vyumba vya kioo vya kukufikisha mlangoni.

Ndege zenyewe ni zile za mapanga mbele ya mbawa, ambazo watu wetu wameziita pangaboi. Wengine huzidharau, wakidhani ni za kizamani. Si kweli. Zimetengenezwa kwa makusudi ili zitue penye nafasi ndogo. Barabara ya Bukoba ni mita 1,300 na ushei. Ile ya Kilimanjaro ni mita 3,600, karibu mara tatu yake. Ndege kubwa ya kwenda Ulaya haiwezi kutua Bukoba. Ingemaliza lami yote kabla haijapunguza mwendo. Tena liko jambo lingine. Bukoba iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Mbawa hushika hewa hiyo kwa shida kidogo kuliko pwani, hivyo ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana kijana wa mizigo hakubali kilo zako mbili za ziada kwa urahisi. Usimkasirikie. Anazihesabu kwa ajili yako.

Katika zile pangaboi zinazoitwa ATR, abiria hupandia mlango wa nyuma, karibu na mkia. Likumbuke jambo hili, nitalirudia.

Labda umeona katika picha namba kubwa zilizoandikwa mwanzoni mwa barabara ya ndege. Bukoba upande mmoja ni 13, na wa pili ni 31. Si namba ya nyumba. Ni dira. Ukiielekea 13, dira yako inasoma nyuzi 130 hivi, yaani kusini-mashariki, kuelekea ziwani. Ukiielekea 31, inasoma nyuzi 310, kuelekea kaskazini-magharibi, kwenye vilima. Upo na mfuko wa kitambaa unaoning'inia juu ya mti. Upepo ukiujaza, rubani anajua unatoka wapi, maana ndege hutua na kuondoka ikiukabili upepo.

Upepo wa hapo una tabia zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji hukaa na joto lake. Hewa ya joto inapanda juu ya ziwa, hewa ya nchi kavu inaingia pande zote kuchukua nafasi yake, na mawingu ya radi yanajengeka katikati ya maji wakati wewe umelala. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma kuja magharibi, na magharibi ndiko kwetu. Kwa hiyo Bukoba hupokea mvua na ngurumo asubuhi, saa ambayo mahali pengine jua linawaka. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo. Rubani naye analijua, lakini anaposhuka katika wingu anahitaji kuiona barabara. Viwanja vikubwa vina mitambo inayomwongoza rubani katika ukungu mpaka karibu na lami. Bukoba haikuwa nayo siku ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, mwezi ambao sisi Wakatoliki tunawaombea marehemu wetu. Ndege ya shirika la Precision Air, aina ya ATR 42, ilitoka Dar es Salaam alfajiri. Ndani walikuwamo watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Ilipokaribia Bukoba, hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na mawingu. Karibu saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, wengine wakiwa Misani, ndege ilianguka ziwani, si mbali na mwanzo wa barabara. Sehemu ya mbele ilizama. Mkia ukabaki juu ya maji.

Waliokuwa karibu walikuwa wavuvi. Walisukuma mitumbwi yao wakaenda. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, mwenye umri wa miaka ishirini hivi, alisimulia baadaye akiwa kitandani hospitalini kwamba aliupiga mlango wa nyuma kwa kasia ukafunguka. Unakumbuka nilikuambia abiria huingilia mlango gani. Kwa mlango huo watu walitoka, wakavutwa mitumbwini, wakaletwa ufukweni. Kisha alikwenda mbele kwa marubani, ambao alisema aliwaona kwa dirisha wakiwa bado hai. Alijaribu kuivuta sehemu ile kwa kamba, kamba ikamrudia na kumpiga, akazimia. Alipozinduka alikuwa hospitali.

Baadaye watu walibishana ni mkono wa nani uliofungua mlango, wa ndani au wa nje. Mimi sitaki kuingia katika ubishi huo. Ndani walikuwamo wahudumu waliojua kazi yao, na nje walikuwako wavuvi walioacha dagaa wao. Aliyetolewa majini hatamhesabia mmoja na kumnyima mwingine.

Watu 24 waliokoka. Watu 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Wananchi wengi walishuka ufukweni wakashika kamba kuivuta ndege kwa mikono, wazee na vijana, mchana kutwa. Kesho yake majeneza yalipangwa katika uwanja wa mpira wa Kaitaba. Waziri Mkuu alikuwapo, viongozi wa dini walikuwapo, wakaomba mbele ya mji mzima uliokuwa kimya. Kisha kila jeneza lilikwenda kwao.

Yafaa nikuambie pia jambo lisilopendeza. Taarifa ya awali ya uchunguzi iliyotoka mwezi ule ule ilieleza kwamba uokoaji wa majini ulichelewa na ulipungukiwa vifaa, na kwamba msaada ungalifika mapema, huenda wengine wangaliokolewa. Gari la zimamoto la kiwanja ni la nchi kavu. Lina maji mengi tumboni, lakini haliogelei. Kiwanja kilikuwa na lami mpya, jengo jipya na mashine ya kupekua mizigo. Lakini mlangoni pake, ambapo ndege hupita juu ya maji kila siku, chombo kilichokuwa tayari saa ile ni mtumbwi wa mvuvi. Mimi si fundi wa viwanja. Ila mtu akijenga nyumba kando ya mto, majirani humwuliza, "Kamba iko wapi, na nani katika nyumba hii anajua kuogelea?" Swali hilo lilifaa kuulizwa Bukoba siku ya ufunguzi, kati ya hotuba na ngoma. Siwalaumu wenye hotuba peke yao. Sisi nasi tulipiga makofi, hatukuuliza.

Majaliwa alipewa shilingi milioni moja, na Serikali ikaagiza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo. Nadhani katika yote yaliyofanywa baada ya msiba, hili lilikuwa na akili. Anayelijua ziwa tangu utoto ndiye anayestahili kufundishwa kazi ya kuokoa ziwani.

Je, kiwanja kihamishwe? Utasikia neno hilo kila mahali Bukoba, hasa penye kahawa. Kwa miaka mingi imetajwa habari ya kujenga kiwanja kikubwa huko Omukajunguti, wilaya ya Missenyi, penye nafasi pana na mbali na vilima. Wenye kutaka wanasema ndege kubwa zitakuja, kahawa na samaki wataondoka moja kwa moja kwenda ng'ambo, na rubani atapata mita nyingi zaidi za kusimamia. Wenye kusita wanauliza habari ya migomba. Msomaji wa Kagera anajua kwamba kibanja si shamba tu. Ni makaburi ya baba na babu, na mgomba haukui kwa amri. Mwenye kibanja anayeambiwa kwamba ardhi yake itatwaliwa hapandi kahawa mpya, wala hajengi. Kumkalisha mtu hivyo mwaka baada ya mwaka ni kumtoza kodi isiyoandikwa. Kama kiwanja kinajengwa, kijengwe, na fidia itangulie mbele ya katapila. Kama hakijengwi, mtu huyo aambiwe apande kahawa yake.

Usidhani nakutisha ili usipande ndege. Tangu zamani kila njia ya kwenda Bukoba imedai chake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikachukua watu wanaokadiriwa kupita 800. Makaburi yao yako Igoma. Barabara nayo tunajua inavyomaliza watu kimya kimya, wawili hapa, watano pale, bila majeneza kupangwa uwanjani. Ndege zinaendelea kutua Bukoba, na mimi ningepanda kesho. Ila nikipanda, maagizo ya mhudumu nitayasikiliza mpaka mwisho. Nitaangalia koti la kuelea liko chini ya kiti changu, na nitahesabu viti kutoka kwangu mpaka mlango wa nyuma, ili niweze kufika kwa kupapasa. Nawe fanya vivyo hivyo. Tena usiliruhusu koti lile lijae hewa ukiwa ndani bado. Litakupandisha darini na kukuzuia kutoka. Litie hewa mlangoni.

Ukitua, fanya ziara. Kanisa kuu la Mater Misericordiae liko mjini, na humo amelazwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa Kardinali, mwaka 1960. Alifariki mwaka 1997, akazikwa kwanza Kashozi, na mwaka 2012 akahamishiwa hapo. Watu huingia wakati wowote wa mchana kusali, tena wengi ni wasafiri wenye mizigo yao miguuni. Baada ya hapo shuka Nyamukazi asubuhi mapema, kabla ndege haijafika. Utawakuta wavuvi wamerudi, taa zao zimezimwa, dagaa wamemwagwa kwenye nyavu juu ya mchanga, akina mama wanawatandaza kwa mikono. Wasalimie. Wakikukaribisha kahawa ya kutafuna, pokea kwa mikono miwili, kaa nao.

Baada ya muda utasikia mlio kutoka upande wa Musira. Hakuna atakayeacha kazi yake, lakini tazama: wote watainua vichwa, wataifuata kwa macho mpaka magurudumu yaguse lami, ndipo watakapoinama tena kwenye dagaa zao.